Picha Ilipozimika Kitulo

Mahongole, Makambako
Jumapili jioni

Mwanangu Faraja,

Begi lako liko mlangoni. Baba yako amelifunga kamba, akalifungua, akalifunga tena, na wewe umekwenda kuaga wenzako wa kwaya. Nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu kabla giza halijaingia.

Mambo ya kula, kufua na kupanga chumba sikuandikii. Shangazi yako ameyasema mchana kutwa na nimeona ulivyokuwa unaitikia huku unaangalia simu. Nakuandikia jambo moja tu. Ulipokuwa kidato cha kwanza uliniuliza kwa nini mimi na baba yako tunaongea kama wapangaji wa nyumba moja. Nilikutuma dukani ukanunue chumvi, na chumvi ilikuwepo. Hukuuliza tena. Kesho unakwenda Dodoma kushika kamera ya watu, na jibu la swali lile linahusu kamera, kwa hiyo siwezi kukuacha upande basi bila kulisikia.

Unajua nilikuwa napiga picha za video, maana hata leo nikipita sokoni wapo wanaoniita Mama Kamera. Lakini hujui niliachaje. Nilifanya kazi kwa kaka Ayubu, aliyekuwa na studio ya video hapa mjini. Tulikuwa tunakwenda kwenye harusi, kipaimara, misiba, popote tulipoitwa kati ya hapa na Njombe na kule ndani Ludewa. Kamera yake kubwa ilikuwa ya kubeba begani. Aliinunua ikiwa imeshatumika na watu wa televisheni huko Dar es Salaam, na aliipenda kuliko gari lake. Mwanzoni, nikifika kanisani nimeibeba, wazee wa kanisa walidhani namshikia mtu, wakawa wananiuliza mpiga picha mwenyewe atafika saa ngapi.

Bibi yako, mama yake baba, alizaliwa Mawengi akaolewa Njombe, na aliimba kwaya ya usharika wake tangu msichana mpaka uzeeni. Ulikuwa darasa la pili alipofariki, sijui kama unaikumbuka sauti yake. Ilikuwa nzito, ya chini, karibu na ya mwanaume. Alikuwa na wimbo mmoja alioutunga kwa Kipangwa, lugha ya kwao, baada ya kumzika babu yako. Wanakwaya waliitikia kipande kifupi tu, beti zote alikuwa nazo yeye kichwani na hakuwahi kumfundisha mtu. Nadhani aliona kuufundisha ni sawa na kuugawa msiba wake.

Moyo wake ulipoanza kumsumbua, baba yako akawaza wimbo ule urekodiwe kabla hajaishiwa pumzi. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda Kitulo kupiga video kwenye maua. Bibi akasema basi ataimba hukohuko, na kama si huko haimbi. Baba yako aliogopa kumpandisha mlimani mtu mgonjwa, lakini unajua mwenyewe, wewe umerithi ubishi uleule. Akakubali. Kazi ikapewa studio ya kaka Ayubu, na kaka Ayubu akanipa mimi.

Kabla sijaendelea, ujue jambo hili. Mimi na bibi yako hatukuwa tunapatana vizuri. Aliona mwanawe ameoa Mbena anayebeba mashine begani na kurudi nyumbani watoto wameshalala. Alinisalimia, nilimsalimia, ikaishia hapo. Baba yako alikuwa katikati na alilijua hilo.

Tulifika Kitulo asubuhi na mapema kwa kosta ya kukodi, baba yako akiwemo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, maua yameloa, na baridi ile ilikuwa inaingia mpaka kwenye meno. Simu zote ziliwekwa kwenye mfuko ndani ya gari ili zisilie katikati ya wimbo. Nilipowasha kamera, picha ilikuja safi, kisha ikaanza kukatika. Mistari ya zambarau ilishuka toka juu mpaka chini ya kioo, ikapotea, ikarudi. Nilibadilisha betri. Nilitoa kadi nikairudisha. Mwisho niliipeleka kamera ndani ya kosta, nikaikumbatia ndani ya koti langu karibu na injini mpaka ikapata joto. Nilipotoka nayo picha ilikuwa nzima kabisa, kama hakuna kilichotokea.

Ubovu wa namna hiyo ndio wa kuogopa, Faraja. Kamera iliyokufa kabisa haina ugomvi na mtu, kila mmoja anaona imekufa. Inayougua na kupona yenyewe ndiyo inayowagombanisha watu.

Bibi akasimama mbele, wanakwaya nyuma yake na mashuka mabegani juu ya sare. Akafumba macho akaanza. Ubeti wa kwanza nilikuwa naye vizuri, uso wake wote ulikuwa kwenye kioo. Ubeti wa pili mistari ikarudi, picha ikawa zambarau tupu, halafu nyeusi. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa bado inawaka. Nilivua hedifoni nikaanza kugusa kila kitu kilichokuwa kinagusika. Sikumsimamisha. Alikuwa anaimba kama mtu aliye peke yake shambani, na pumzi aliyokuwa nayo isingetosha kuanza upya. Nilisimama nyuma ya kioo cheusi mpaka alipomaliza.

Ndani ya kosta nilirudisha nyuma kile tulichorekodi. Ubeti wa kwanza ulikuwepo. Weusi ulipoanza nikazima. Baba yako alikuwa ameinama juu ya bega langu, na yeye aliona weusi ule. Bibi yako aliuliza kama ametoka vizuri. Baba yako akamwambia ametoka vizuri sana.

Kesho yake nilimpelekea kaka Ayubu kamera na kadi. Nilimweleza kwamba kamera haivumilii baridi. Yeye akasema kamera za watu zinakwenda mpaka nchi za theluji. Tukaipeleka kwa fundi Elia, ambaye kibanda chake wakati ule kilikuwa cha mabati na mchana kiliwaka kama tanuri. Aliiwasha tangu saa sita mpaka jioni na haikukatika hata mara moja. Akaigeuzageuza, akaona mkwaruzo kwenye mpini. Mkwaruzo ule ulikuwepo siku kaka Ayubu anainunua, lakini siku hiyo kila mtu aliuona kama mpya. Fundi hakusema kitu kibaya. Alisema tu kwamba vitu hivi mara nyingi husumbua vikipata mshtuko.

Basi neno likawa hilo. Iliangushwa. Kaka Ayubu aliniuliza kwa upole, akaniuliza tena mbele ya mwenyekiti wa kwaya. Nilisema baridi, nikasema tena baridi, na kila nilipolisema lilizidi kusikika kama kisingizio. Jioni ile baba yako akaja studio kunichukua. Akatukuta tumekaa wote, naye akauliza mbele yao:

"Sema tu ukweli, mama Faraja. Uliiangusha? Au hukutaka tu wimbo wa mama utoke?"

Nilikuwa nimechoka, nimengoja na kuulizwa tangu mchana. Nikasema:

"Labda niliigonga mahali bila kujua."

Sikuwa nimeigonga mahali popote. Nilisema hivyo ili maneno yaishe, niende nyumbani nikakupikie. Kati ya yote niliyowahi kukosea, mwanangu, sentensi hiyo fupi ndiyo iliyonigharimu zaidi. Nilidhani natoa kidogo ili nipate amani. Kumbe kwao ilikuwa kukiri. Toka siku ile nikawa mwanamke aliyeangusha kamera, na kwa baba yako nikawa mwanamke aliyeangusha wimbo wa mama yake.

Kaka Ayubu hakunifukuza kwa mdomo. Alisema nipumzike kwanza. Nikaweka kadi mezani pamoja na kadi nyingine, sikuitia alama wala kumwambia mtu ni ipi, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilitaka kutoka mle ndani. Walikubaliana kwamba kamera ikishatulia watarudi Kitulo kurekodi upya. Jumamosi ilikuwa na harusi. Akaenda mpiga picha mwingine, anaitwa Baraka, akachukua kadi zile mezani na kuzifomati, yaani kufuta kila kilichomo, kama tunavyofanya wote kabla ya kazi.

Kitulo hawakurudi. Bibi yako alifariki kabla mvua hazijaisha. Kwenye msiba wake kwaya ilifika kipande cha kuitikia, ikaitikia, halafu ikakaa kimya mahali ambapo beti zake zilipaswa kuwa. Ukimya ule nimeusikia mara nyingi nikiwa nalima.

Studio hawakuniita tena, na studio nyingine mbili za hapa hazikunihitaji. Nikarudi kwenye viazi na mahindi, ndiko ulikonikuta ulipoanza kuelewa mambo. Baba yako hakunipiga wala hakuninyima kitu. Aliendelea na useremala wake, aliendelea kuleta nyumbani kila alichopata. Ila alikuwa akiniomba maji kwa sauti ile ambayo mtu hutumia kumwomba jirani.

Ikapita miaka. Ulikuwa kidato cha pili, uko bweni, Julai ile ambayo barafu ilishika chai huko Njombe mpaka majani yakaungua. Asubuhi moja kaka Ayubu alibisha hodi hapa nyumbani. Alikuwa amezeeka ghafla. Hakutaka kuingia kwanza, alisimama uani akinitazama nikichambua maharage. Kisha akasema:

"Imefanya vilevile. Nilikuwa nimesimama na Baraka mwenyewe, shambani, alfajiri. Haikuanguka."

Nilimkaribisha ndani. Baba yako alikuwa anamalizia uji, akasikia yote. Kaka Ayubu akaomba twende wote kwa fundi, na nilishangaa baba yako alipochukua koti lake.

Fundi Elia alikuwa ameshahamia kwenye chumba cha tofali, jirani na duka la soda. Alisikiliza, safari hii mpaka mwisho. Kisha akaifunga kamera kwenye mfuko wa nailoni ili isipate unyevu, akamwomba mwenye duka aiweke kwenye friji kati ya chupa. Tukakaa kwenye benchi. Alipoitoa na kuiwasha, mistari ya zambarau ikashuka palepale, toka juu mpaka chini, kama nilivyoiona Kitulo. Niliitazama kama mtu anayemwona aliyemsingizia.

Akaifungua. Ndani kuna waya bapa, mwembamba kama utepe, unaoleta picha toka kwenye jicho la kamera mpaka kwenye bodi. Pale unapounganishwa, risasi ya kuchomelea ilikuwa na ufa usioonekana bila kioo cha kukuzia. Kamera ikipata joto ufa unajifunga, ikipata baridi unaachia. Alipoubonyeza kwa kijiti, picha ikarudi. Alipoachia, ikazima. Aliturudishia mara kadhaa ili kila mmoja aone, na naamini alifanya hivyo kwa ajili yangu. Akasema huenda ufa ule ulikuwepo tangu kamera haijafika Makambako.

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni. Nilingoja aseme kitu. Nilikuwa nimelingoja neno lake miaka yote ile, nimelipangia hata jibu. Badala yake fundi, akiwa ameinama bado juu ya bodi, akasema kwa kawaida tu, kama anayejisemea:

"Hapa kilichokuwa kinakufa ni picha peke yake. Sauti ina njia yake. Sauti ilikuwa inaingia muda wote."

Ilinichukua muda kuelewa. Kisha nikaona uso wa baba yako na nikajua yeye ameelewa kabla yangu. Akauliza:

"Kadi ile iko wapi?"

Kaka Ayubu alikaa chini kwenye boksi la vyuma chakavu, akajifunika uso.

Wimbo wote ulikuwepo, Faraja. Nilimwacha bibi yako aimbe mpaka mwisho, taa nyekundu ikiwaka, na sauti yake yote iliingia kwenye kadi ile. Ilikaa mezani kwa kaka Ayubu toka siku ile hadi Jumamosi. Sisi tulikuwa tumeizunguka meza hiyohiyo tunabishana ni nani aliyeangusha kamera. Mimi niliyekuwa nimevaa hedifoni asubuhi ile nilizivua picha ilipokufa, na kule kwenye kosta nilizima nilipoona weusi. Ningeacha itembee kidogo tu tungemsikia. Kesi yangu iliisha siku ile kwa fundi, nikawa sina hatia, na sikupata hata nafasi ya kuifurahia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukavuka reli, yeye mbele mimi nyuma. Kabla ya kufika alisimama akajaribu kuuimba. Alikuwa na ubeti wa kwanza na nusu ya mwingine. Akajaribu tena, akaishia palepale. Nilimwitikia kile kipande cha kwaya kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea kutembea. Usiku tulikula. Hatukulizungumza siku ile wala siku iliyofuata, na mpaka ukawa mkubwa umetukuta hivi. Hatuchukiani, naomba uliamini hilo. Ila kila mmoja anajua kwamba akifungua mdomo, kitu cha kwanza kitakachotoka ni kadi ile.

Sasa unakwenda kwenye kazi hiyohiyo. Kamera zitakuharibikia mikononi, hilo huwezi kulikwepa. Utatoka kwenye baridi uingie ukumbini na lenzi itapiga ukungu bwana harusi akiwa anaingia. Soketi ya maiki italegea siku ya mtu mkubwa. Likitokea, usianze kumtafuta mtu, wala usikubali wakutafute wewe kwanza. Toa kadi, itie alama, iweke mfukoni mwako, na uisikilize yote mpaka mwisho hata kama ni nyeusi. Halafu sema ulichokiona kama ulivyokiona. Wakikuuliza mara ya kumi, sema vilevile, na ukichoka nyamaza. Usiwape neno ambalo hukulitenda ili upate kwenda nyumbani. Mimi nilikwenda nyumbani, na unajua nyumba niliyoikuta.

Na ikiwa ni mwenzako ndiye aliyeshika kamera ikazima, kaa naye. Muulize kulikuwa na joto au baridi, aliona nini kwanza. Mimi nilihitaji mtu mmoja tu wa kuniuliza hivyo.

Nilikuwa nimefika hapa nikitaka kuweka jina langu, baba yako akaingia. Ameona karatasi zimejaa, akauliza kama nakuandikia ya Kitulo. Nikamwambia ndiyo. Amesimama, mkono kwenye kiti. Nilidhani atasema nizichane. Akasema:

"Mwandikie kwamba swali lile sikupaswa kuliuliza. Mbele ya watu wala faragha. Mwandikie kwamba nililijua hilo kabla ya friji."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. Amesema alikuwa anatafuta pa kuanzia, na kila mwaka mahali penyewe palizidi kuwa mbali. Kisha ametoka kwenda kulitazama tena begi lako.

Nimeliandika kama alivyolisema, sikuongeza wala kupunguza. Umelipata wewe kwanza, na mimi nimelipata nikikuandikia. Namsikia huko nje anaifungua kamba. Naenda kumshikia upande wa pili.

Mama yako